Mkono wa Kushoto wa Mjomba Halidi

Mzee Abasi, baba wa bwana harusi, alikataa kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyomuudhi Mwaisha zaidi. Angekataa kwa ukali, angalau mtu angepata pa kuanzia ugomvi.

"Mkwe, binti yako hatuna neno naye," alisema akimwongezea chai. "Faraja ni mtoto wetu. Wasiwasi wetu ni njia ya huko kwenu chini ya mlima. Harusi tufanye ukumbini, hapa mjini, saa nne asubuhi. Ikifika alasiri kila mtu awe kwake, kafunga mlango."

Harusi ya saa nne asubuhi, kama mkutano wa wazazi shuleni! Kwa watu wa ukoo wa Mwaisha, bibi harusi hutoka uani kwa mama yake. Akina mama wa milimani hushuka tangu jana yake na ngoma zao, wakakesha wakicheza, na mjomba ndiye humshika binti mkono akamkabidhi. Ukumbi gani utakaowapokea wanawake wote wale na kuku wao na mikungu yao ya ndizi? Zaidi ya yote, alimfikiria mdogo wake Halidi. Baba yake Faraja alifariki mtoto hajaota meno, na Halidi ndiye aliyemlea. Alikuwa akiisubiri siku hiyo kuliko hata bibi harusi mwenyewe.

"Kwani huko kwetu kuna nini?" aliuliza.

"Visu," alisema Mzee Abasi.

Mzee huyu alikuwa mtu wa Tabora, fundi mitambo wa kiwanda kilichofungwa mwaka ule kikisubiri mnunuzi. Alirudishwa nyumbani akiwa na mafao kiduchu na muda mwingi, na muda wenyewe akaumalizia kwenye magazeti. Si yale ya zamani ya chama na serikali. Haya mapya ya watu binafsi, yenye vichwa vya habari vyekundu, yaliyoteremshwa Msamvu na mabasi ya Dar kila asubuhi. Alichosoma alikichanganya na alichosikia kwa kinyozi, akajumlisha.

"Matukio tisa," alisema akikunja vidole. "Mmoja kachomwa Msamvu akishuka basi. Mmoja darajani. Mmoja njia ya Kilakala, mfanyabiashara, kaporwa mzigo wake wote. Na gazeti la juzi limesema visu Morogoro vimeongezeka maradufu."

Jirani yake, Sajini Bonifasi wa polisi, alikuwa amekaa pembeni akichovya andazi kwenye chai. "Mzee, mimi nashinda kituoni. Walevi kukatana vilabuni kupo, kama miaka yote. Lakini hayo yako tisa hatuna hata jalada moja."

"Umesikia, mkwe? Wanaficha."

Bonifasi akarudi kwenye andazi lake. Alishachoka. Akisema visu ni vingi anatisha wananchi, akisema ni vichache anaficha, na akinyamaza ndiyo kabisa.

Mama Twaha, mke wa Mzee Abasi, alitoa kichwa mlangoni. Zamani mama huyu hakupitwa na shughuli mji mzima. Sasa alikuwa amenenepa kwa kukaa ndani. "Tena wana roho mbaya, mkwe. Wote wanawachoma mkono wa kushoto, hapa juu ya kiwiko."

"Wote?" aliuliza Mwaisha.

"Wote. Ni genge moja," alijibu mumewe kwa fahari ya mtu aliyefanya uchunguzi.

Mwaisha aliweka kikombe chini taratibu, akaaga. Alikuwa anaujua mkono mmoja wa kushoto wenye kovu juu ya kiwiko, na mwenyewe alikuwa mdogo wake.

Miezi mitano nyuma, posa ilipokubaliwa, alimtuma Halidi apeleke zawadi kwa wakwe: fenesi kubwa kutoka Kinole, lililoiva mpaka harufu yake inatangulia njiani. Halidi alifika kwa wakwe bila fenesi, mkono unachuruzika damu, akisema amevamiwa na wahuni. Mama Twaha ndiye aliyemfunga jeraha.

Mwaisha alimkuta Halidi nyuma ya nyumba akipanga ndizi.

"Halidi, wale wahuni walikuchomea wapi?"

"Msamvu, dada. Si nilishakwambia?"

"Na wauza ndizi wenzako uliwaambia wapi?"

Halidi aligeuza mkungu uliokuwa umekaa sawa. "Darajani."

"Na kwa kinyozi?"

"Dada, hadithi ukiirudia vilevile kila siku inachosha watu."

Mwaisha alivuta kigoda akaketi, na Halidi akajua hatoki mtu hapo. Basi akasema yote. Alipumzika njiani, njaa ikamuuma, harufu ikamzidi nguvu. Akasema alikate kidogo tu kwa chini, wakwe hawatagundua. Ulimbo ukashika kisu, kisu kikateleza, kikampata mwenyewe.

"Na fenesi lililobaki?"

"Nililila."

"Unatoka damu?"

"Damu ilikuwa mkono wa kushoto, dada. Nilikula kwa wa kulia."

Mwaisha alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza kufuta machozi, kicheko kikamwisha kabisa. Akisema ukweli huu kwa wakwe, harusi itarudi uani kwake. Lakini mjomba aliyekula zawadi ya posa na kutisha mji mzima, wakwe watakubali awakabidhi binti? Na Faraja akikabidhiwa na mtu mwingine, Halidi atauweka wapi uso wake?

"Siwezi kukusemea," alimwambia. "Wakwe wanakuja Jumapili kumaliza maneno. Ukinyamaza, tutakwenda ukumbini na nitavaa vizuri vilevile."

Jumapili wakwe walikuja mchana kweupe, wakakaa karibu karibu mkekani, Mzee Abasi na fimbo yake mapajani. Faraja alipitisha maji ya kunawa. Kabla chakula hakijateremshwa, Halidi akasimama. Alikuwa amevaa kanzu ya Idi, na jasho lilikuwa limeshaifikia kola.

"Wakwe zangu, hakuna genge. Aliyenichoma ni mimi, na fenesi lenu nililila."

Akaeleza, bila kujipamba. Mwaisha alitazama chini. Alipoinua macho, Mzee Abasi alikuwa akitabasamu kwa huruma.

"Mkwe, nimekuelewa. Mnataka harusi iwe hapa, ndiyo maana mmetunga. Ni jambo jema kumpenda mpwa wako. Lakini gazeti haliwezi kuandika fenesi."

Miezi mitano Halidi alikuwa amedanganya na kila mtu akamwamini. Leo amesema kweli, anaitwa mwongo.

Ndipo Mama Twaha akasema polepole, "Ulimbo."

"Ulimbo gani?" aliuliza mumewe.

"Siku ile nilimfunga kwa kanga yangu. Ilinata, baba Twaha. Mikono yangu ilinata mpaka nikaiosha kwa mafuta ya taa. Nikasema moyoni, damu ya Waluguru wa mlimani ina gundi." Akamgeukia Halidi. "Na ulikuwa unanuka fenesi. Nilidhani ndiyo manukato yenu."

"Na wale wengine wanane?" Mzee Abasi hakutaka kushindwa. "Wa darajani? Wa Kilakala?"

"Wote mkono wa kushoto. Wote juu ya kiwiko. Wote wameporwa mzigo." Mama Twaha alisimama, akafunga kanga yake kiunoni. "Miezi mitano, Abasi. Miezi mitano sijatoka jua likishakuchwa. Nimekosa maulidi, nimekosa arobaini ya rafiki yangu, nimekosa ngoma ya mwali wa jirani, nimelala saa moja kama kuku. Kwa sababu mtu mmoja alisikia njaa!"

Halidi aliinamisha kichwa akisubiri hukumu yake, na Mwaisha akasogea akasimama karibu naye.

Kumbe Mama Twaha alikuwa anacheka. Kicheko kilianzia tumboni kikampanda mabegani, kikamshika Faraja mwenye birika, kikamshika Mwaisha, mwishowe hata Mzee Abasi akaiweka fimbo chini.

"Harusi itakuwa hapa hapa," alisema Mama Twaha alipopata pumzi. "Nakuja tangu jana yake na kina mama wa mlimani, na siondoki mpaka ngoma zenyewe ziombe kupumzika. Nina miezi mitano ya kufidia."

"Na wa kumkabidhi binti?" aliuliza Mwaisha.

Mama Twaha alimtazama Halidi, kanzu yake imelowa, mikono imeshikana kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Mwanaume amejivua nguo mbele ya wakwe ili mpwa wake aolewe kwao," alisema. "Mjomba wa namna hii nitampata wapi mwingine?"