Kipimo cha Julai

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kuosha nyota.

Kazi yangu ni kuosha maiti wa kike hapa Pangani, mwaka wa kumi na tisa sasa. Watu hawanialiki harusini, lakini wakifiwa hunifikia hata kabla kilio hakijatulia. Kwa hiyo sikushangaa. Niliuliza tu kama marehemu ni mwanamke, maana wanaume siwaoshi.

"Andika mwanamke," nyota ikasema.

"Wewe ndiye marehemu?"

"Bado kidogo. Au tayari. Nuru yangu huchukua miaka elfu nne kufika kwenu, Bi Kidawa. Unayemwona ni wa zamani."

Nilikasirika. Maiti anayejibu hunipotezea muda, na akili yangu siku hizi haipo. Mdogo wangu Mbaruku amelazwa hospitali Tanga wiki ya tatu, ni figo, na mkewe Zuwena hunipigia kila asubuhi kuniambia anaendelea vizuri. Mbaruku nilimlea mimi mama alipofariki. Naogopa, sitaki kuficha.

Huko ndotoni ni mchana kweupe. Nyota imekaa uani kwangu, nyekundu, imejaa mpaka ukuta wa jirani hauonekani. "Ungeniweka mahali pa jua lenu," inasema bila majivuno, "ningemeza Utaridi, Zuhura, nyinyi na Mirihi, nikafika kwa Mshtarii."

"Hongera," nasema. "Wachimba kaburi wanataka urefu."

Natoa kamba ya kupimia. Desturi yetu ni utosini mpaka kisiginoni, unapiga fundo, kamba inapelekwa makaburini. Naivuta, naenda, naenda. Pale wekundu unapokwisha napiga fundo.

"Umekosea. Huo ni moshi. Nimeukohoa kwa maelfu ya miaka. Wengi wamepima moshi wangu wakadhani ni mimi."

Miaka kumi na tisa sijawahi kukosea kipimo. Niliona aibu hasa.

Wataalamu wa nyota wapo wawili, kila mmoja ana jicho moja. Mmoja yuko juu ya paa langu, mwenzake yuko ng'ambo ya mto. Wanatazama kwa wakati mmoja, kwa pumzi moja, ili macho yao yawe jicho moja lenye upana wa mto mzima.

"Upana wake kwa macho tumeupata," anapaza sauti wa paani. "Ni kama kifungo cha shati kilichoachwa Dar es Salaam. Sasa tupe umbali. Bila umbali hatujui kama ni kubwa iliyo mbali au ndogo iliyo karibu."

"Umbali nautoa wapi mimi?"

"Nyoosha kidole, fumba jicho moja, kisha jingine. Si kinahama? Na yeye huhama vivyo hivyo, kidogo mno. Mtazame Januari, kisha ukamtazame Julai, dunia ikiwa upande wa pili wa jua."

Leo ni Januari. Natazama, napiga fundo. Kisha navuka kizingiti cha uani na nipo Julai.

Julai ni wodi. Kuna ubaridi, manesi wamevaa sweta. Kitanda cha karibu na dirisha godoro lake limekunjwa na kufungwa kamba. Chini yake ziko kandambili za Mbaruku. Ya kushoto imeshonwa kwa uzi mweupe wa sanda, na mshono ni wangu, japo sikumbuki kuishona.

"Mgonjwa wa hapa yuko wapi?" namuuliza nesi.

"Hapa ni Julai, mama. Mambo ya Januari sisi hatuyajui."

"Nakuuliza ya hapa hapa."

"Basi tazama. Si umeletwa kutazama?"

Nyota inangoja dirishani, imehama kiasi cha unywele. Nikiitazama, kipimo kimekamilika. Lakini nikiitazama nitakuwa nimekubali kwamba nipo Julai na kwamba kitanda kile ni kitupu. Nikafumba macho kwa nguvu, nikarudi kinyumenyume mpaka nikahisi mchanga wa uani.

"Umepata?" wakauliza wataalamu kwa pamoja.

"Sikuona kitu."

Sikuwa nimepata kusema uongo mbele ya maiti. Nyota ilikuwa imeanza kufifia.

"Nisamehe," nikaiambia. "Utazikwa bila kipimo."

"Kwangu si neno. Ila kufumba macho hakuirudishi nuru, Bi Kidawa. Ikishatoka imetoka. Iko njiani."

Simu ndiyo iliyoniamsha. Saa moja na nusu asubuhi, Zuwena.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Mbaruku je?"

"Anaendelea vizuri. Leo kanywa uji wote. Ila kandambili yake ya kushoto imekatika, wifi. Ukija Jumamosi uje na sindano."

 

"Nitamnunulia mpya," nikamwambia.

"Mpya hazitaki! Anasema hizo hizo, na umshonee wewe. Wamjua mdogo wako alivyo mbishi."

Nikamsikia Mbaruku nyuma yake akicheka, kwa sauti ndogo lakini yake kabisa. Nikasema sawa. Nimepekua kabati, nimepekua sanduku na mikoba yote. Nyumba nzima hamna uzi mwingine ila ule wa sanda.