Seva Niliyoipeleka Kibondo

Reverien alipohamia Kibondo kumsaidia mama yake dukani, nilisema mbele ya watu kwamba hatutampoteza. Nilisema kwa sauti, kijiweni kwa bodaboda karibu na stendi ya Kasulu, na mtu akisema kwa sauti pale lazima atimize, la sivyo ataulizwa hadi na wauza karanga. Nitajenga seva, nikasema. Tutacheza naye kama vile hajaondoka.

"Seva ndiyo nini?" akauliza Abbasi, amelalia tangi la pikipiki yake.

"Kompyuta isiyolala. Mchezo unakaa humo, sisi tunaingia kila mtu kwa simu yake. Ukitoka, ulichojenga kinabaki."

"Na umeme ukikatika?"

"Hapo italala."

"Basi inalala kuliko wewe."

Nikamwacha acheke. Nilipata kompyuta kuukuu ya duka la fotokopi lililofungwa, nikapuliza vumbi lake kwa pampu ya baiskeli, nikabadilisha feni, nikatia diski nyingine, nikaiunga na betri ya sola. Mengine nilijifunza kwenye simu, kama nilivyojifunza mizani na vina: peke yangu, kwa hasira, bila mwalimu wa kunipigia makofi. Nikaiweka stoo, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la baba yangu, Mzee Mudathiri, katikati ya misumari na makopo ya rangi. Baba alipita, akaisikiliza, akasema, "Ina kelele kama mgeni mwenye mafua." Hakusema niitoe.

Mchezo wetu ni wa vitofali. Unachimba, unakata mti, unapanga kitofali juu ya kitofali mpaka unapata mji. Kezia, anayesoma chuo cha ualimu, alituchorea barabara na kuanza daraja. Abbasi akajenga kijiwe, hata humo ndani hakutaka kazi nyingine. Mimi nikajenga msikiti wenye minara miwili, na kwenye lango la mji nikaweka maneno ambayo kila anayeingia huyaona kwanza:

Karibu uliyefika, mji unaye mwenyewe,
jenga panapojengeka, ila kwanza uambiwe.

Aliyekosekana ni yule yule niliyemjengea. Reverien alijaribu kuingia kutoka Kibondo, ikawa inazunguka tu. Nikamwambia simu yake mbovu. Akaazima nyingine.

"Inazunguka," akasema. "Sasa tuseme simu zote za Kibondo ni mbovu, au kuna mtu mmoja Kasulu?"

Nilihangaika na jambo hilo hadi nikawa nakula nimesimama. Mwishowe nikalielewa. Intaneti yangu ilitoka kwenye laini ya simu, na laini ya namna hiyo haina anwani yake yenyewe. Ni kama nyumba ya kupanga: wapangaji mnatoka mnavyotaka, lakini mgeni akigonga geti, mlinzi hajui anamtafuta nani, anamrudisha. Abbasi na Kezia waliingia kwa sababu walikuwa wanakuja dukani na kushika mtandao wangu. Njia ya kuzunguka ilikuwa kukodi kompyuta ya ng'ambo kwa kadi ya benki ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa nayo.

"Hapa kwa mama wamevuta mkongo wa intaneti," Reverien akasema. Mama yake, Esteri, ana duka la uwakala wa pesa na uchapaji. "Fundi alisema tuna anwani yetu wenyewe. Lete mashine huku."

Lete huku, kama kilo ya maharage. Nikakata simu.

Kezia alikuwa amekaa juu ya mfuko wa saruji, amesikia yote. "Nuru," akasema, "uliijenga ili tucheze, au ili tukuone?"

Nilimjibu vibaya, halafu nikaenda kuulizia basi.

Mama yangu aliifunga ile mashine kwa khanga yake, nikaipakata hadi Kibondo kama mtoto mgonjwa. Mama Esteri alinipokea mlangoni, akapiga makofi taratibu, akainama kidogo, akanisalimia kwa lugha ya kwao. "Mwiriwe, mwana wanje." Akaulizia baba. Akaulizia mama, na goti la mama. Akaulizia mvua ya Kasulu, na duka, na majirani wa duka, na mimi nimesimama na chuma mikononi, jasho linanitoka. Salamu ya kwao haikatwi kama waya.

Tukaifunga nyuma ya mashine ya fotokopi, tukaunga mkongo, na Reverien akaingia. Alikimbia barabara yote ya Kezia. Abbasi alikuwa anampigia kelele kwa simu kutoka Kasulu. Alipofika sokoni akasimama, akageuka huku na huku.

"Mmejenga soko bila choo," akasema, na sote tukajua amerudi.

Nilimpa nywila ya msimamizi. Ufunguo wangu mwingine, wa kuingilia mashine kutoka mbali, nilibaki nao, na sikuutaja. Mwenye mali haombi ruhusa ya kutazama mali yake. Ndivyo nilivyofikiri, na nilipofikiri hivyo sikuona kosa lolote.

Lakini Kasulu hapakukalika tena. Stoo ilikuwa kimya, pale ilipokaa mashine pamebaki mraba usio na vumbi. Nikawa naichungulia kwa simu: joto lake, diski yake, nani yumo. Nilichungulia nikipima nondo, nilichungulia nikitoka kutawadha.

"Mteja anataka bati," baba akasema, "wewe unapapasa simu kama umepoteza pete humo."

Majina mapya yakaanza kuingia, watu wa Kibondo: Fidele, Mpawenimana, mwingine anajiita Dereva. Siku moja nikakuta mtu amejenga chanja la kuanikia udaga, limeegemea ukuta wa msikiti wangu. Udaga, muhogo uliovundikwa, na harufu yake yote, kwenye ukuta wa msikiti. Nikavumilia. Kesho yake nikapita langoni, na maneno yangu hayakuwepo. Palikuwa pameandikwa: Karibuni. Jengeni.

Nikamwacha mteja wa bati amesimama kaunta. Sikumpigia mtu. Nikapita kwa ufunguo wangu, nikaifuta hali ya siku hiyo kwa kuwa diski ilikuwa ndogo, haitoshi miji miwili, nikairudisha nakala ya zamani niliyoihifadhi, nikawasha upya. Mji ukarudi kama nilivyoujua. Chanja halipo, maneno yangu yapo langoni. Nikampimia mteja bati zake, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi kutoka Kibondo nikapumua vizuri.

Simu ikaita. Kezia.

"Daraja langu liko wapi?"

"Litajengwa tena."

"Na nyumba ya Kagerankanda?"

"Nyumba gani?"

"Ya kina Reverien, pale walipokuwa wanalima baba yake akiwa hai. Alikuwa anaijenga na mama yake, Nuru. Mama anakaa pembeni anamwambia jiko lilikuwa wapi, mgomba wa kwanza ulikuwa wapi. Jana walikuwa wanaezeka. Wewe umefanya nini?"

Nikarudi kuitafuta ile hali niliyoifuta. Nilitafuta mpaka baba akafunga duka na kunifungia ndani. Haikuwepo.

Reverien alipiga asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa matusi mimi sishindwi.

"Nurudini," akasema. Hakuwahi kuniita jina zima. "Kwetu mtu akikuachia ng'ombe wake umtunzie, tunaita kuragiza. Maziwa unakunywa wewe, samadi unatia shambani kwako, ndama ni wake. Akitaka kumwona ng'ombe wake anapiga hodi, anakaribishwa, anaonyeshwa. Anayeruka uzio kwenda kumkagua amekuita mwizi, hata kama hajafungua mdomo."

"Mimi sikuruka uzio."

"Uliingia kwa mlango gani?"

Nikaanza kupanga upya misumari ya kaunta.

"Njoo umchukue," akasema.

Abbasi alinipeleka stendi bila kuniomba nauli, na bila kunitania, jambo lililonitisha zaidi. Njiani nilipanga maneno. Yalikuwa maneno mazuri, yamekaa kwa vina kabisa, na nilipofika mlangoni kwa Mama Esteri yote yakaanguka.

"Amekuja mwenye ng'ombe," akasema. Kisha akapiga makofi, akanisalimia salamu nzima, hakuruka hata goti la mama. Ningependa zaidi kama angenifukuza.

Mashine ilikuwa juu ya meza, imezimwa, imefutwa vumbi, waya wake umekunjwa vizuri, imefungwa kwa khanga ya mama yangu. Reverien alikuwa anamtolea mteja pesa. Hakuinua kichwa.

"Chukua kabla basi halijajaa."

Nikaibeba. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyokumbuka. Nikaiona tayari imekaa stoo kwetu, salama, na sisi watatu tumezunguka kaunta tukicheza wenyewe kwa wenyewe, na lango la mji ambalo hakuna mgeni atakayelipita. Mteja akapisha nitoke. Nilifika kizingitini, nikageuka, nikaiweka tena mezani kwa nguvu hadi kalamu zikaanguka.

"Washa," nikasema.

"Ili iweje?"

"Washa, halafu njoo ukae hapa uangalie."

Akawasha, amenuna. Nikafungua orodha ya funguo, nikamwonyesha wangu. "Nilikuwa napita hapa." Nikaufuta mbele ya macho yake.

"Una mwingine?"

"Sina."

"Apa."

"Siapi kwa kompyuta."

Mama Esteri akacheka puani, akaendelea kuhesabu karatasi zake. Reverien akanisogeza kwa kiwiko, akabadilisha nywila ya msimamizi, na alipokuwa anaiandika akaigeuzia skrini ukutani, kama mtu anayemficha jambazi namba yake ya siri benki. Mashine niliyoijenga kwa mikono yangu. Nikatazama nje barabarani, nikawahesabu mbuzi.

"Na lile chanja," nikasema, "sikubali bado. Udaga hauanikwi msikitini."

"Hilo ungesema. Ningemwambia Fidele alisogeze."

"Na maneno yangu uliyoyatoa?"

"Yalikuwa yanafukuza watu."

"Mizani imekaa sawa."

"Mbwa mkali naye anakaa sawa mlangoni, Nuru. Watu hawapiti tu."

Nuru. Nikavuta kigoda, nikatoa simu yangu, nikaomba niingizwe kama mchezaji. Alinisubirisha. Alimhudumia mteja mmoja, kisha mwingine, kisha akanywa maji. Basi la Kasulu likapiga honi stendi, likaondoka, na bado alikuwa hajaniingiza. Alipofungua, nilijikuta kwenye uwanja mtupu, mikono mitupu, sina hata sururu.

Reverien alikuwa ameshaanza kupima msingi wa nyumba yao ya Kagerankanda. Mama Esteri alisogeza kiti chake nyuma yetu, miwani imeshuka puani.

"Nyumba ilitazama bondeni," akasema. "Hapana, geuza. Hapo. Sasa dirisha la chumba chetu, lete pembeni. Zaidi. Pale kwenye kona."

Mimi ni mtoto wa muuza saruji. Vidole viliniwasha. Nilihesabu mbuzi tena, lakini mbuzi walikuwa wamekwisha barabarani.

"Reverien, dirisha haliwekwi kwenye kona."

"Lilikuwa kwenye kona."

"Ukuta utapasuka."

"Ulipasuka," akasema mama yake kutoka nyuma. "Lete tofali."

Nikaenda kuleta.