Yachanue Upesi

Daktari wa macho hakumumunya maneno: mshipa wa jicho umekufa, upasuaji hakuna, miwani haitasaidia, na kiza kitaingia tu. Mama mtu alisikiliza pochi ikiwa magotini, akashukuru kwa adabu kama aliyetajiwa bei ya nyanya. Walipofika nyumbani ndipo akamwambia binti yake, fundi cherehani, kitu kimoja alichokitaka: ayaone tena maua yake kabla macho hayajazimika.

Yalikuwa yale maua ya kutambaa, yenye majani manene yaliyojaa maji, yakichanua zambarau ya kuumiza macho. Marehemu mumewe ndiye aliyeyaleta, yakafunika ukingo wote wa mbele ya nyumba. Kisha akaja mwashi, mtu wa haraka zake, akamwaga zege juu ya kila kitu, akaondoka akipiga mluzi. Kilichobaki ni mbegu ndani ya kichupa cha dawa, laini kama ugoro.

Fundi cherehani alijaza udongo kwenye beseni, akapanda kama mama huyohuyo alivyomfunza kupanda maharage: toboa kwa kidole mpaka pingili ya kwanza, tia mbegu, fukia, shindilia. Mama mwenyewe hakuwahi kupanda maua hayo kwa mbegu. Siku zote alikata vipande akachomeka. Basi wakafukia, wakasubiri. Wakasubiri weee! Hakuna kilichochungulia.

Muuza miche alipoelezwa alishika kichwa. Mbegu ndogo namna hiyo, alisema, haina ubavu wa kusukuma udongo, nayo haiamki bila mwanga. Hutawanywa juu ya mchanga ikaachwa wazi.

"Dada, hukupanda," alimwambia. "Umezika."

Fundi alirudi nyumbani. Alikung'uta kichupa juu ya kitambaa cheupe, akachokonoa pamba ya ndani kwa ncha ya sindano, akapata chembe za kufunika ukucha. Alizitawanya juu ya mchanga kwenye trei yenye matundu huku amebana pumzi zisipeperuke, akafunika kwa kioo cha fremu ya picha, akaiweka trei ndani ya maji inywe kwa chini. Nguo za wateja zikalundikana. Mama wa bibi harusi alikuja kufoka, akafoka mpaka akachoka, na fundi hakujua hata alichoambiwa.

Zikaota. Nyingi zikaoza shingo zikalala chini, na kila moja iliyolala ilimkata maini. Na mama naye anakwisha: anamimina chai pembeni ya kikombe, anaamkia koti lililotundikwa. Kila asubuhi swali ni lilelile, bado? Binti anajibu yamekaribia. Akishajibu anaenda kuinamia trei na kuyabembeleza maua, jamani, chanueni, fanyeni haraka, nawaomba. Wapita njia walimwona kachanganyikiwa, na hawakukosea sana.

Mche mmoja ukatoa tumba. Maua hayo hayafunguki mpaka jua liwake hasa, kwa hiyo siku hiyo fundi aliacha cherehani, akakaa mbele yake kama mlinzi. Jua lilipofika utosini, ua likafunguka.

Njano. Njano tupu, kama kiini cha yai! Nyuki walishachanganya chavua na ya maua ya njano ya jirani wa ng'ambo ya barabara, nani ajue lini. Fundi alijisikia kuling'oa na kulitupa. Mama atakuwa amengoja yote haya kwa ua la mtu mwingine. Lakini ndilo lililokuwepo, basi akamwita, akipanga kichwani namna ya kumwomba radhi.

Mama alikuja akipapasa ukuta. Alipiga magoti, akainama mpaka pua ikakaribia petali, akakaa hivyo kitambo. Alipoinua uso, mashavu yalikuwa yamelowa.

"Zambarau ileile," alisema. "Kama alivyoyaleta baba yako."

Fundi alifungua mdomo. Radhi aliyoipanga akaimeza.

"Ileile, mama."

"Unaona?" Mama alimtafuta mkono hewani, akaupata, akaubana kwa furaha. "Nimewahi, mwanangu."