Kuta Nne na Ufa Mmoja

Saa moja na nusu asubuhi Mwiko alikuwa ameshapiga plasta nusu ya ukuta wa ghorofa ya tatu, nyumba ya mtu asiyemjua wala asiyetarajia kumjua. Alirusha saruji kwa mkono wa kulia, akaisawazisha kwa fito, akarudi nyuma hatua moja kuangalia, kisha akarusha tena. Jina hilo la Mwiko alipewa na mafundi wenzake kwa sababu mwiko wake hakuwahi kumwazima mtu, hata nduguye wa tumbo moja. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, na ishirini na mbili kati ya hiyo aliitumia kuzipendezesha kuta za watu wengine.

Saa mbili alishuka, akanawa mikono kwenye pipa, akamfuata msimamizi.

"Naomba ruhusa, bosi. Naenda ofisi ya usajili."

"Leo tena? Wewe na ofisi hiyo mmeoana?"

"Tungekuwa tumeoana ningeshapewa cheti."

Vibarua wakacheka. Msimamizi hakucheka. Alifungua daftari lake, akamwonyesha kalamu. "Ukitoka hapo getini, leo hukuja kazini."

"Na ule ukuta umejipiga plasta wenyewe?"

"Mimi naandika aliyepo saa kumi na moja jioni."

Mwiko alimtazama, akaona hakuna haja ya kupoteza mate. Akafunga mwiko, nyundo na tindo kwenye gunia, akatoka. Kazi ya tangu alfajiri ilikwenda hivyo, bure kabisa, na hakukuwa na pa kuishtakia.

Lakini siku hiyo haikuwa ya kurudi nyuma. Mwaka mzima alikuwa na mpango na watu wawili: fundi bomba, mzee mwenye mdomo usiolala, na wifi yake Mwiko, mpaka rangi. Watatu hao walikuwa wameshika nyumba zisizo na idadi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mlango wa kuufunga kwa ufunguo wake mwenyewe. Wakaamua kufungua kampuni, wakaiita Kuta Nne. Wangenunua nyumba chakavu zinazodharauliwa, wazitengeneze kwa mikono yao, wazipangishe kwa bei ya kibinadamu, kisha nyumba ya kwanza izae ya pili. Mtaani watu walivunjika mbavu. "Habari za asubuhi, mwekezaji," walimsalimu Mwiko akiwa na saruji hadi kwenye nyusi. Naye aliitikia, "Nzuri, mpangaji." Hakukasirika. Aliyekwisha kuhamishwa vyumba sita kwa miaka kumi na moja hakasiriki kwa maneno.

Nyumba ya kwanza walikuwa wameshaipata. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu, vyumba viwili na jiko, nyuma ya karakana ya seremala. Mwalimu alikuwa anahamia kwa binti yake, na lori la kumbebea vitu lingefika kesho yake asubuhi. Bei walikubaliana, na chama cha akiba cha mafundi kiliahidi kuwakopesha bei hiyo pamoja na kodi ya uhamisho, bila nyongeza hata ya nauli. Kulikuwa na mnunuzi mwingine pia, tajiri wa kokoto, aliyetaka kuibomoa nyumba amwage mzigo wake pale. Mwalimu alimwambia asubiri. "Mna hadi ofisi itakapofungwa leo," aliwaambia mafundi. "Baada ya hapo, wanangu, sitakuwa na namna. Siwezi kuondoka na kuiacha nyumba mikononi mwa upepo."

Ofisi ilikuwa ikifungwa saa kumi. Saa nne kasoro robo Mwiko alikuwa dirisha namba sita.

Karani alichakura rundo la mafaili, akachomoa karatasi yenye muhuri. "Hongera, mama. Kampuni imezaliwa."

Mwiko aliishika karatasi kwa ncha za vidole, asije akaichafua. Kuta Nne. Na jina lake likafuata, yote matatu, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Alitamani kumwonyesha mtu yeyote aliyekuwa karibu, hata yule mlinzi aliyekuwa anasinzia.

"Lakini ripoti yenu ya uthamini wa nyumba, ile ya kukadiria kodi ya uhamisho, imekufa," karani akaendelea.

"Imekufa vipi?"

"Maisha yake ni siku tisini. Zimeisha jana."

"Na cheti hiki jana kilikuwa wapi?"

"Mezani kwa mkubwa. Kilikuwa kinasubiri sahihi. Alikuwa semina."

"Miezi mitatu?"

"Zilikuwa semina mbili."

"Sasa nani kachelewa, mimi au yeye?"

"Mama, mimi niko dirishani tu." Karani alishusha sauti, na haikuwa sauti mbaya. "Mtafute mthamini aende leo leo. Akiandika namba ileile, mje nayo kabla ya saa kumi, nitawagongea muhuri wa uhamisho."

Mthamini alikuwa amekwenda chai. Chai hiyo ilianza saa nne na kuisha saa saba. Alikuwa kijana wa raba nyeupe pepe, ubao wa karatasi kwapani, na aliporudi alieleza kwamba ofisi haina gari na mwombaji ndiye humbeba afisa kwenda na kurudi. Mwiko alimpigia fundi bomba, naye fundi bomba akamwomba shemeji yake mwenye teksi. Saa nane na robo walikuwa wamesimama mlangoni kwa mwalimu, fundi bomba akiwa nao, na wifi akiwa ameshafika na fomu za uhamisho kwenye mfuko wa nailoni.

Mthamini alipita haraka sebuleni na jikoni, akiandika. Alipoingia chumbani akasimama. Akapitisha kiganja ukutani, taratibu, kutoka kona ya dirisha hadi chini.

"Plasta safi sana hii," alisema. "Fundi wenu nani?"

"Mimi," alijibu Mwiko kabla hajafikiri, na uso ukamchangamka.

"Hongera sana, mama." Akainama akaandika, huku akitamka maneno. "Hali ya jengo: nzuri. Kuta: imara, zimekarabatiwa karibuni."

Uso wa Mwiko ukazimika.

Mthamini wa kwanza, yule wa miezi mitatu iliyopita, aliandika kwamba ukuta huo una ufa unaoingia mkono. Ni kweli, uliingia. Mvua zilipoanza maji yalipita humo moja kwa moja, na mwalimu alikuwa amekisogeza kitanda katikati ya chumba na kuweka beseni la bluu chini ya dirisha. Alikohoa kikohozi kile kikavu cha watu wanaolala kwenye unyevu. Mafundi watatu walikwenda kupima tu, wakayaona hayo, wakarudi. Jumapili iliyofuata, bila kuitana kikao, wakakutana mlangoni kila mmoja na vifaa vyake. Mwiko aliuchimba ufa, akaushona kwa wavu wa chuma, akaupiga plasta. Fundi bomba akabadilisha bomba la jikoni lililokuwa likivuja. Wifi akapaka rangi. Mtu mwenye akili ya biashara angesubiri nyumba iwe yake kwanza. Wao hawakusubiri. Fundi akiona ufa mkono humwasha, na mwalimu hakuwa na wa kumsubiria.

"Namba inakuwa ngapi?" Mwiko aliuliza.

Mthamini akamwonyesha. Ilikuwa imepanda kwa theluthi nzima, na kodi ya uhamisho ilikatwa kutoka kwenye namba hiyo. Mkopo wa chama usingefika hapo hata ukivutwa kwa kamba.

"Kijana wangu, kazi hii tumeifanya sisi. Saruji yetu, mikono yetu. Mwalimu hakutulipa, na bei yake haijabadilika."

"Naelewa, mama. Lakini fomu haina kisanduku cha aliyepiga plasta. Sisi tunathamini kinachoonekana siku ya ziara. Basi."

Fundi bomba akatikisa kichwa. "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia kwamba ukiuziba utaulipia kodi."

Mthamini alicheka kidogo, akaangalia saa. Kisha akatazama pembeni, akajikuna shingo. "Ila haya mambo huwa yanazungumzika. Mnaweza kuniona. Mimi ni binadamu, naona vizuri, na wakati mwingine sioni."

Wifi alimtazama Mwiko. Fundi bomba alitazama sakafu. Kila mmoja alijua kilichoombwa, na kila mmoja alijua kwamba hata hicho hawakuwa nacho. Mwiko alipandwa na hasira ya pipa la kunawia, ya kalamu ya msimamizi, ya semina mbili. Hata hivyo sauti yake ilitoka tulivu.

"Umesema unathamini kinachoonekana?"

"Kinachoonekana."

"Siku ya ziara?"

"Ndiyo, mama."

"Ziara haijaisha?"

"Bado, lakini..."

Mwiko akafungua gunia, akatoa nyundo na tindo. Akamgeukia mwalimu aliyekuwa amesimama mlangoni na kanga mabegani. "Mwalimu, nyumba bado ni yako. Naomba ruhusa."

Mwalimu aliutazama ukuta, akautazama uso wa Mwiko. Alielewa.

"Miaka thelathini na moja nimesahihisha madaftari," alisema. "Sijawahi kumkata mtoto alama kwa sababu amepata jibu. Vunja, mwanangu."

Wifi akaruka kufunika godoro kwa nailoni. Mwiko aliweka tindo kwenye kona ya dirisha akapiga. Plasta haikutoka. Akapiga tena. Alikuwa ameipiga vizuri mno. Ilikuwa kazi ya Jumapili, kazi isiyo na msimamizi, na ilimkatalia. Iliuma. Aliwahi kubomoa kazi mbovu za wengine na akafurahi, lakini hakuwahi kuigusa kazi yake mwenyewe iliyo nzima. Pigo la tano likatoa kipande cha ukubwa wa sahani, la sita likatoa kingine, kisha kifusi kikaanza kumiminika.

"Mama, unaharibu mali!" mthamini alipiga kelele.

"Ya nani?" Mwiko alijibu bila kugeuka. "Si umesema huna kisanduku?"

Fundi bomba alikuwa ameshatoweka. Kutoka jikoni zikasikika kelele za spana, kisha akarudi na bomba jipya mkononi, mzee mzima anatabasamu kama aliyeiba embe. "La zamani nimelirudisha, Mwalimu alikuwa amelitunza kabatini. Linavuja vilevile, afisa. Njoo ulione, maana leo bado ni siku ya ziara."

Mwiko alichimba hadi akaufikia wavu, akaukata, akaung'oa. Vumbi lilipotulia ufa ulikuwa pale, kutoka kona ya dirisha hadi sakafuni, na mwanga wa uani ukipenya ndani. Raba nyeupe za mthamini zilikuwa zimegeuka rangi ya saruji.

"Ingiza mkono," Mwiko alimwambia.

"Sina haja ya..."

"Ingiza, kijana wangu. Usije ukaandika usichokiona."

Akauingiza. Akautoa, akaupangusa kwenye suruali. Kisha akachukua fomu mpya, akaegemea fremu ya mlango akaandika, na safari hii hakutamka maneno. Mwiko alimwomba fomu, akaisoma mstari kwa mstari, kidole chenye vumbi kikifuata kila neno. Ufa mkubwa chumbani. Bomba linavuja. Hali ya jengo: duni. Namba ileile ya mwanzo.

"Sahihi hapa umesahau," alisema, akamrudishia.

Fundi bomba aliondoka na mthamini kwenye teksi, akiwa na cheti na fomu kifuani ndani ya shati. Wanawake watatu walibaki. Wifi alifagia. Mwiko aliketi juu ya kifusi chake, simu magotini. Saa tisa na nusu. Saa kumi kasoro robo. Saa kumi kasoro dakika sita simu ikalia.

"Mkurugenzi," fundi bomba alihema, "muhuri umegongwa. Huyu karani nilimkuta ameshashika ufunguo wa dirisha, nikamwambia dada, usinifungie uso, nina mke. Nyumba yetu hiyo!"

Wifi alipiga kigelegele kimoja, akakikatiza mwenyewe kwa mkono mdomoni, kwa heshima ya mwalimu. Mwiko alicheka, kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa vumbi, ikawa tope. Kuta nne zilikuwa zao, pamoja na ule mmoja wenye ufa, na alijua kwamba kampuni yake, kazi ya kwanza iliyoifanya duniani, ilikuwa kuharibu.

Nje kulikuwa kumeanza kufanya giza la wingu. Upepo ulipita kwenye ufa, ukapeperusha vumbi lililosalia.

"Kesho asubuhi naanza upya," Mwiko alisema. "Wavu mpya, kila kitu. Utakuwa imara kuliko ule, Mwalimu. Hautapitisha hata tone."

"Najua, mwanangu." Mwalimu aliukunja ule mfuko wa nailoni, akaulaza mezani. "Mimi kesho nitakuwa nimeshaondoka."

Mwiko alimshika mwalimu mkono, akauachia. Kisha mmoja akashika kitanda upande wa kichwani, mwingine upande wa miguuni, wakakivuta hadi katikati ya chumba, mahali pale pale kilipokuwa kabla ya ile Jumapili. Mwalimu akaenda jikoni kuleta beseni la bluu.