Marehemu Aliunga Mkono

Shaza, mke wa mwanangu, alipoteza mtoto Jumamosi moja mbele ya mlango wa zahanati ya mtaani kwetu, huku Likoni. Chumba cha uzazi kilikuwa na kufuli. Nilipomwendea Gona, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, alinijibu mbele za watu: "Kufunga mwisho wa wiki ni uamuzi wa kamati, Bi Jalila. Umeandikwa. Kama hujui kusoma, usomewe."

Nikanyamaza. Wanijuao walishtuka.

Baada ya miezi minne akaja Phoebe, mtafiti wa chuo kikuu, kuchunguza nani huamua mambo kwenye zahanati. Ripoti yake ilikuwa iwafikie wawakilishi wa kaunti, waliokuwa wakitunga sera mpya ya afya. Akapanga chumba kwangu. Kwengine angepata wapi chai, mahamri na habari za mtaa mzima kwa pamoja?

Gona, kwa kujishaua, akampa nakala za kumbukumbu zote za vikao. Tukazifungua barazani. Kufunga chumba: pendekezo la Gona, limeungwa mkono na Bi Zubeida, tarehe kumi na nne Machi.

"Zubeida?" nikasema. "Si siku hiyo ndiyo tuliyomsomea hitima? Pilau nilipika mimi, na Gona alikula sahani mbili."

Jirani yangu Ruwa, mjumbe wa kamati, akaweka kikombe chini. "Januari, Zubeida akiwa hai, Gona alitutaka sote tutie sahihi karatasi tupu za mwaka mzima. Alisema atupunguzia usumbufu."

Phoebe akanitazama. "Ripoti haitaji majina, Mama."

"Usitaje, mwanangu. Mimi nipo."

Siku ya wawakilishi kusikiliza wananchi, ukumbi ulifurika. Nusu niliwaalika mimi. Phoebe akasoma kwamba kwenye zahanati moja sahihi zilitangulia vikao. Gona, kiti cha mbele, akatikisa kichwa kuwasikitikia wenzake wa zahanati nyingine.

Nikainuka. "Waheshimiwa, zahanati hiyo ni yetu, na mwenyekiti ndiye huyu." Nikataja siku ya hitima ya Zubeida. Ruwa akaeleza yaliyobaki, macho chini.

Mwezi huohuo sera ikapita: hakuna huduma kufungwa bila mkutano wa wakazi. Chumba kikafunguliwa, Gona akatolewa.

Akaja kwangu, sauti ya chini. "Bi Jalila, yamekwisha. Tusiyaeneze."

"Shaza alilia siku arubaini, Gona. Wewe hata wiki hujamaliza."

Nikavaa buibui langu. Mtaa wa pili walikuwa hawajasikia.