Wiki ya Kuanika na Kuanua

Wiki ile mwishoni mwa Mei, hali ya hewa ya Songea haikueleweka. Asubuhi jua kali, saa sita wingu, saa nane mvua ya dakika kumi, kisha jua tena.

Kunegunda, fundi cherehani mwenye kibanda mtaa wa Majengo, alikuwa ameletewa madebe kumi na mawili ya mahindi na kaka yake wa Namtumbo. Hayakuwa yamekauka vizuri, naye hakuwahi kukausha mahindi maishani mwake. Aliyaanika kwenye turubai uani kwake, mtaa wa Lizaboni, akaenda kazini.

Jumatatu mvua ilipoanza aliacha gauni la mteja akakimbia nyumbani. Alikuta magunia yamepangwa barazani, na jirani yake, Mzee Romanus, anakung'uta turubai.

"Shikamoo mzee. Umeniokoa."

"Marahaba. Nilisikia harufu ya mvua, nikaanua."

Jumanne ikawa hivyohivyo. Jumatano Majengo halikuanguka hata tone, lakini Kunegunda aliporudi alikuta yameanuliwa tena, na udongo wa uani mkavu.

"Kwani huku ilinyesha?"

"Manyunyu tu, mama. Yakapita."

Aliingiza magunia ndani, akachukua debe, akapima. Yalijaa madebe kumi na moja tu. Akarudia, yakawa yaleyale. Hapo akakumbuka kwamba mzee huyo anaishi peke yake, na mwaka huu hakulima. Kuku wake nao walikuwa wamenenepa.

Alhamisi alfajiri, kwenye foleni ya bomba, alimwambia jirani mwenzake Kasiana, wengine wakisikia, "Kila mvua ikija, mahindi yangu yanapungua. Anayeanua ni mmoja tu."

Hakutaja jina, wala haikuhitajika. Jioni Mzee Romanus alipita mbele ya nyumba yake akiangalia chini.

Ijumaa mvua ilikuja kwa ghafla, kubwa. Kunegunda alifika nyumbani akihema. Maji yalikuwa yametuama kwenye turubai, mahindi yamezama. Mzee Romanus alikuwa amekaa barazani kwake, mikono magotini, anatazama. Hakuinuka. Kunegunda akayazoa peke yake, kanga imemganda mwilini.

Jioni alimpigia kaka yake, Sixbert, akamweleza habari ya mvua na ya wizi.

"Debe moja tu?" Sixbert aliuliza. "Dada, mahindi mabichi yakikauka yanasinyaa. Mimi mwenyewe nilianika ishirini, nimepata kumi na nane. Hakuna aliyekuibia."

Kunegunda alimshukuru, akakata simu.

Jumamosi asubuhi alibisha kwa Mzee Romanus. Alipiga magoti mlangoni, akaeleza yote, pamoja na habari ya kupima.

"Nilikuona ukipima," mzee alisema. "Dirisha lilikuwa wazi. Sikukasirika. Mtu hupima mali yake. Lakini juzi nilipokwenda bombani, wale kina mama waliinua ndoo zao wakaziweka mbali na yangu."

"Nisamehe, baba."

"Mimi nimekusamehe. Wao hawajui nimesamehe nini."

Kunegunda alielewa. Alirudi nyumbani, akachukua ndoo ingawa maji alikuwa nayo, akashuka bombani. Kasiana alikuwepo, na wengine sita. Manyunyu yalianza, wakajibanza chini ya upenu wa duka.

"Lile neno nililosema Alhamisi," alianza, "lilikuwa uongo. Mzee Romanus hakugusa hata punje."

Alibaki amesimama pale, akaanza kuwaeleza upya, kuanzia Jumatatu ile hadi simu ya kaka yake.