Miwani Iliyobaki Gachoka

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa na kazi mbili, na zote nilizifanya kando ya moto mmoja. Ya kwanza ilikuwa kupika chai ya vibarua kumi na wanne ndani ya debe. Ya pili ilikuwa kumsomea Fundi Runji ramani ya jengo huku tukingoja maziwa yapande. Kazi ya chai ndiyo niliyoandikiwa. Ile nyingine haikuandikwa popote, kwa sababu Fundi hakuwa amekubali kwamba inafanyika.

"Hebu nisomee hapa," alikuwa akisema, akiweka kidole chenye simiti kavu katikati ya karatasi. "Nione kama hicho chuo kilikufundisha kitu."

"Ukuta huu ni mita tano na nusu, Fundi."

"Sawasawa. Ningesoma mwenyewe, lakini miwani ilibaki Gachoka."

Miwani hiyo ilikuwa imebaki Gachoka tangu Januari, na sasa tulikuwa Juni. Katika muda huo Fundi alikwenda huko kwao mara nne. Alirudi na ndengu, akarudi na asali, akarudi na koti la pili la kuvaa juu ya lile la kwanza, maana mtu wa Mbeere kwenye joto hawezi kuizoea baridi ya hapa Timau. Miwani tu ndiyo iliyosahaulika kila mara, juu ya meza ileile. Sikumuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza. Lenah, aliyetuchotea maji, alisema sauti yangu inafaa kulaza ndama.

Nilifika pale na diploma ya ujenzi kutoka chuo cha ufundi, na hamu moja ambayo sikumwambia mtu: nilitaka kusomea usanifu wa majengo. Chuo kikuu kimoja Nairobi kilikuwa kimenijibu kwamba nafasi ipo, ila nilete barua ya kuthibitisha kwamba nimefanya kazi kwa mikono yangu miezi sita kwenye jengo halisi. Barua iwe imetiwa sahihi na mwenye mradi, na iwafikie kabla Juni haijaisha. Mradi wetu ulikuwa zahanati ya akina mama wa kujifungua, na mwenye mradi alikuwa kamati, na kamati ilikuwa Mzee Kiunga, mwenyekiti. Wanakamati wengine walikuwepo ili awe na watu wa kumkubalia. Walikuwa wanaume tisa, na mwanamke mmoja aliyeachiwa mambo ya soda.

Nisiseme uongo: miezi ile ilinifundisha. Chuoni tulijaza ubao mzima kwa chaki ili kupata kona iliyonyooka. Fundi Runji alikuwa na kamba yenye mafundo kumi na mawili. Aliivuta pande tatu, mafundo matatu huku, manne kule, matano mshazari, na kona ikawa kona kabla sijatoa penseli. Ukuta wa kwanza nilioujenga kwa mikono yangu, kwenye nyumba ya muuguzi tuliyoanza nayo, aliusukuma kwa mguu mmoja ukaanguka.

"Ukuta wako umesoma sana," aliniambia, "lakini haujasimama."

Wa pili ulisimama. Wa tatu aliuegemea akinywa chai, na kwa Fundi Runji hiyo ndiyo shahada.

Basi asubuhi moja, maziwa yakiwa karibu kupanda na kidole cha Fundi kikiwa juu ya bafu kwenye ramani, pikapu ya Mwenyekiti iliingia uwanjani. Haikufuata njia. Ilipita katikati ya vigingi vya wodi tulivyovipiga siku mbili nzima, ikaburura uzi wetu hadi kwenye moto. Debe likayumba, chai ikamwagika, vibarua wakapiga yowe. Mzee Kiunga akashuka, uzi ukiwa umezunguka bampa kama utepe wa gari la arusi.

"Geuzeni," alisema.

"Tugeuze nini, Mwenyekiti?" Fundi aliuliza.

"Nyumba! Mlango uangalie juu, mlimani. Harambee ni Jumamosi ya wiki ijayo. Chini kuna matope, hema la mgeni wa heshima litakaa juu. Mnataka mheshimiwa akae kwa saa nne nzima akiangalia mgongo wa nyumba?"

Siku hiyo ya harambee nyumba yenyewe ingekuwa msingi tu, na msingi hauna mgongo wala uso. Lakini jiwe la ukumbusho lilikuwa tayari. Lilikuwa ndani ya pikapu, limelazwa juu ya godoro, na nilikuwa nimewahi kuliona. Liliandikwa kwamba jengo hili limefunguliwa rasmi na Mheshimiwa, kisha palikuwa na mahali palipopakwa simiti na kukwanguliwa mara tatu, maana wageni wa heshima walikuwa wakibadilika upesi kuliko hali ya hewa.

Mwenyekiti alichukua ramani magotini pangu, akaizungusha juu chini.

"Si hivyo tu? Huyo akitekti wa Nairobi aliyeichora hajawahi kukanyaga Timau. Sisi ndio tunajua kwetu. Inaeleweka?"

Maandishi yalikuwa yamesimama kichwa chini, miguu juu.

"Inaeleweka kabisa," alisema Fundi, ambaye aliielewa vilevile kama alivyoielewa ilipokuwa wima.

"Na wewe, mwari wa Marete, unaonaje?"

Marete ni baba yangu, na mwari kwetu ni binti. Mwenyekiti huniita hivyo kila anapotaka nikumbuke kwamba nina mzee wa kuaibisha.

Niliona nini? Niliona kwamba upepo wa Timau hushuka kutoka mlimani, na ramani iliupa mgongo upepo huo kwa makusudi: stoo na madirisha madogo upande wa juu, mlango na vitanda upande wa chini, kwenye jua, kuelekea nyanda za Isiolo. Niliona kwamba bafu likihamia upande wa chini na shimo la maji machafu likahamia juu, maji yangelazimika kupanda mlima. Niliona vizuri sana.

"Ni sawa, Mwenyekiti," nilisema.

"Msichana mwenye adabu!" alimwambia Fundi. "Huyu atafika mbali. Leta hiyo barua yako Alhamisi. Kamati itakaa hapa hapa kukagua, nitasaini mbele ya watu."

Mchana kutwa tuling'oa vigingi na kuvipiga upya, kinyume. Sikuongea, na kwangu hilo si ajabu. Fundi naye hakuongea, na hilo lilikuwa ajabu kubwa.

"Fundi," nilisema mwishoni, "kwenu Gachoka mlango huangalia wapi?"

"Upepo unakotoka. Kwetu upepo ni mgeni, tunamfungulia." Akafunga vifungo vya koti la juu. "Hapa ni mwizi."

"Sasa?"

"Sasa Mwenyekiti amesema."

Lenah alikuwa ametua mtungi wake, akituangalia. Mtoto wake wa kwanza alimzalia kwenye ghala la ngano, mvua ikinyesha. "Mnajua nyinyi wawili mnafanana?" alisema. "Mmoja anajua na hasemi, na mwingine hajui na hasemi. Mungu atusaidie sisi tutakaolala humo."

Usiku sikupata usingizi mzuri kwa maneno hayo. Asubuhi nilimwomba Fundi magunia matupu ya simiti na fito.

"Ya nini?"

"Nataka kamati ikae kwenye kivuli."

Alitazama juu angani. Jua halikuwepo, na halikuwa limeonekana tangu Jumapili. Kisha akaenda kuyaleta magunia mwenyewe, akapima kona kwa kamba yake ya mafundo, nami nikashona. Jumatano jioni wodi ya akina mama ilikuwa imesimama, kimo cha mtu, ukubwa wake hasa, kuta zote za gunia. Tuliacha mlango pale pale Mwenyekiti alipoutaka. Ndani tulipanga viti mahali pa vitanda. Nilijipongeza. Nilidhani sitahitaji kufungua mdomo, kwamba upepo utanisemea.

Sikujua kamati.

Walifika Alhamisi saa nne, wakaketi, na upepo ukaingia kwa mlango ule kama mtu aliyealikwa. Niliwapa chai. Ilifanya utando kabla sukari haijayeyuka. Magunia yalipiga makofi. Nilimwona mwalimu aliyekuwa katibu akikaza meno hadi shavu likatetemeka, nikajua sasa atasema.

"Hewa safi sana," alisema, kofia yake ikiondoka kuelekea Isiolo.

"Safi kabisa," alisema mwingine. "Wagonjwa wanahitaji hewa."

"Na mandhari!" alisema wa tatu, machozi ya baridi yakimtoka.

Wote walikuwa wakimwangalia Mwenyekiti, wakingoja yeye asikie baridi ndipo wao waruhusiwe. Na Mwenyekiti alikuwa na midomo ya rangi ya zambarau, lakini aliketi wima, koti wazi, maana mlango ule alikuwa ameuamuru yeye. Yule mama wa soda alijifunika leso hadi macho na kutikisa kichwa polepole. Hakuna aliyemuuliza.

"Basi, hakuna mwenye swali," Mwenyekiti alisema haraka. "Jengo liendelee. Mwari wa Marete, barua."

Nilimpa. Alitoa kalamu, akaikunjua barua juu ya goti, na upepo ukaichukua. Ilipita juu ya vichwa vya kamati, ikagonga gunia la upande wa pili, na Lenah, aliyekuwa ameleta maji, akaidaka kwa mikono miwili kama mtu anayedaka kuku.

"Hakuna shida," alisema Mwenyekiti. Aliirudisha kwenye goti, akaokota jiwe ukubwa wa ngumi, akaliweka juu yake. "Tunaweka jiwe. Sasa haiendi mahali."

Akaanza kuandika jina lake. Herufi ya kwanza ilitokea. Niliitazama. Zilikuwa zimebaki tano tu, kisha ningeenda zangu Nairobi kusoma jinsi ya kujengea watu nyumba.

"Mwenyekiti," nilisema, "na mtoto mchanga, yeye tutamwekea jiwe?"

Kalamu ilisimama.

Sauti haikuwa ya kulaza ndama. Sijui ilitoka wapi, na ilipotoka haikurudi. "Mlango ukiwa hapa, upepo huu utalala kitanda kimoja na mama aliyejifungua. Na maji ya bafuni yatatakiwa kupanda mlima kwenda shimoni. Ulishika ramani juu chini, Mwenyekiti. Niliona siku hiyo, nikasema ni sawa. Haikuwa sawa."

Mzee Kiunga aliifunga kalamu yake, akairudisha mfukoni, akapapasa mfuko kuhakikisha imefika.

"Barua hii," alisema taratibu, "inasema umekaa miezi sita ukijifunza chini ya fundi. Fundi Runji! Simama. Huyu amejifunza nini kwako? Kujibu wazee? Unataka nisaini niandike nini, kwamba alipika chai?"

Fundi alisimama mlangoni, upepo ukimpiga mgongoni. Ramani ilikuwa mkononi mwake. Aliiangalia, akaigeuza, akaigeuza tena, na kwa mara ya kwanza tangu Januari hakunitafuta kwa macho. Kisha akanyoosha mkono na kunipa, mbele ya wote.

"Andika kwamba alinisomea," alisema. "Miwani haiko Gachoka, Mwenyekiti. Sijawahi kuwa na miwani, macho yangu ni mazima. Ramani ndiyo sijui kusoma. Nyumba ya muuguzi ni huyu aliisoma, na wodi ni huyu anaisoma. Nimejenga miaka ishirini na moja nikiogopa mtu aniulize. Andika hivyo, nitaweka dole gumba chini yake. Na mlango urudi upande wa chini, kwa maana hapa, wazee, kuna baridi."